Tenki lako linapumulia wapi?

Maswali ya wasomaji wenye magari ya zamani, majibu ya fundi

Safari hii nimeweka barua za jambo moja tu, kifuniko cha tenki la mafuta, maana zimekuwa nyingi mno. Nyingine nimezifupisha, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mustang ya 1966, V8, kabureta ya kawaida, gari ilikuwa haina shida kabisa. Juzi nikaibadilishia kifuniko cha tenki maana cha zamani kilikuwa kimechoka, kromu yote imebanduka, nikaweka kipya chenye kufuli, kinang'aa balaa. Tangu hapo gari inatembea nusu saa hivi, dakika arobaini, halafu inaanza kumisi, inakosa nguvu, inazima kama imeishiwa mafuta na geji inaonyesha lipo zaidi ya nusu. Nikikaa pembeni dakika kumi inawaka kama hakuna kilichotokea. Nimebadilisha filta, pampu, koili, sasa fundi mmoja anasema tufungue kabureta. Lakini jana nilipofungua kifuniko niongeze mafuta mke wangu akasikia fyuuuu, kama mtu anavuta pumzi. Hiyo ina maana yoyote au ni kawaida?

JIBU: Marahaba, na kabureta muiache kwanza jamani, msiiguse. Mpe shemeji hongera zake maana hiyo fyuuu ndiyo jibu lenyewe, amefanya kazi ya mafundi watatu akiwa amesimama tu hapo pembeni.

Chukua dumu la lita ishirini limejaa maji, limiminie kwa haraka. Linafanya bu-bu-bu, maji yanatoka yanakatika yanatoka tena, kwa sababu kila maji yanayotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi na hewa haina mlango isipokuwa mdomo uleule. Ukitoboa tundu dogo upande wa pili maji yanashuka laini bila kelele. Tenki la gari ni hilohilo dumu. Pampu inavuta petroli, nafasi inabaki tupu, kama hewa haipati pa kuingilia inatokea vakyumu ndani (upungufu wa hewa unaovuta mafuta yarudi), pampu inavuta inavuta mpaka nguvu ya vakyumu inalingana nayo, hapo kabureta inakauka na gari inazima. Ukisimama pembeni dakika kumi hewa inajipenyeza taratibu kwenye gasketi au popote pale pana mwanya, vakyumu inapungua, gari inawaka na wewe unaanza kuamini gari ina mapepo.

Sasa kwa Mustang za miaka hiyo pua ya tenki ni kifuniko. Kile ulichokitoa kilichobanduka kromu kilikuwa cha kupumua, kina njia ndogo ya hewa ndani yake. Hicho chenye kufuli uwezekano mkubwa ni kile kilichoziba kabisa, kimetengenezwa kwa ajili ya gari ambazo tenki linapumulia sehemu nyingine. Kwa nje vinafanana kama mapacha, ndiyo maana watu wengi wananaswa, na wauzaji wa vifuniko vya urembo wengi wanaandika kinaingia gari gani, hawaandiki kinapumua au hakipumui.

Jaribio la kuhakikisha halina gharama. Tenki likiwa nusu, sio limejaa, legeza kifuniko kidogo tu kisikaze kwenye gasketi, endesha sehemu isiyo na magari mengi kwa muda uleule ambao huwa inazima. Isipozima umemaliza, kifuniko ndicho mwizi. Usiendeshe hivyo siku zote lakini, hiyo ni ya kupima tu, mafuta yakimwagika kwenye kona yanaharibu rangi na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unatambaa chini na kutafuta moto ulipo. Na ukifungua kifuniko kupima chochote ufanye nje kwenye hewa, hakuna sigara hakuna balbu ya waya inayoning'inia.

Kuna dalili mbili ambazo mafundi wengi hawaziulizi na zingekuokolea hiyo pampu na koili. Ya kwanza, je, inazima upesi zaidi tenki likiwa limejaa? Tenki likijaa juu inabaki hewa kidogo sana, tuseme lita mbili, ukitumia lita moja ile hewa ya lita mbili imelazimika kujaza nafasi ya lita tatu, presha imeshuka vibaya. Tenki likiwa nusu una hewa ya lita thelathini hivi, lita moja ikitoka haisikii sana. (Mvuke wa petroli wenyewe unafidia kidogo kwa hiyo hesabu sio kali hivyo, lakini mwelekeo ndio huo.) Ya pili, je, inazima ukiwa kwenye mwendo wa kasi barabara ndefu au ukiwa kwenye foleni juani? Vakyumu ya tenki inapenda mwendo wa kasi kwa sababu injini inakunywa zaidi. Kwenye foleni na joto ni kesi tofauti, hapo mara nyingi petroli inachemka kwenye paipu karibu na injini, mapovu yanaziba njia, au koili inachemka inakata cheche, na hizo zote ukifungua kifuniko cha tenki hazijali, hazisaidiki.

Na mimi sikucheki hata kidogo. Kuna gari niliwahi kuibadilishia pampu mara mbili, mara mbili!, kabla sijafikiria kufungua kifuniko, mwenye gari alikuwa mpole sana siku ile na mpaka leo nikimwona naangalia pembeni.

Jambo la mwisho kwako, usiendelee kuendesha hivyo ukisema nitasimama tu kila nusu saa. Hewa ya nje inakandamiza tenki kwa nguvu ambayo watu hawaiamini. Juu ya tenki lenye upana wa sentimita 60 kwa 90, tofauti ya psi 1 tu (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) ni kama umeweka mzigo wa kilo 380 juu yake. Ukiwa na pampu ya umeme yenye nguvu ndiyo kabisa, yenyewe haichoki, inavuta mpaka bati linaingia ndani. Tenki likishabonyea linapungua ujazo, geji inaanza kudanganya maana boya linagusa bati, na kwenye mikunjo ile kutu inapata makazi. Kama kile cha zamani hujakitupa kirudishe leo, kromu kitu gani.

SWALI: Fundi kwani tundu la hewa linatakiwa liwe kubwa kiasi gani? Nimekiangalia kifuniko changu cha zamani sioni tundu lolote, natilia shaka kama kinapumua.

JIBU: Dogo kuliko unavyodhani. Injini inayokula lita 15 kwa saa, hiyo inakula kweli, inahitaji hewa lita 15 kwa saa kuchukua nafasi, ambayo ni mililita 250 kwa dakika, yaani kama glasi moja ya hewa kwa dakika nzima. Tundu la milimita moja linaimudu bila kutoka jasho.

Na hulioni kwa sababu wabunifu wa zamani hawakuwa wajinga, hawakutoboa moja kwa moja. Kifuniko kina bati la nje na bati la ndani, tundu la ndani liko huku na njia ya nje iko kule, hewa inapita kwa kuzunguka kati ya mabati mawili, petroli ikirukaruka inagonga ukuta inarudi. Tatizo ni kwamba njia ya kuzunguka hivyo ndiyo inayoziba pia, vumbi, kutu, nta ya kung'arishia gari (hii nimeikuta mara nyingi kuliko kutu, watu wanapenda sana kupiga polishi), na rangi kama gari ilishapigwa rangi bila kuvua kifuniko.

Kupima chukua mpira msafi, ubane upande wa ndani wa kifuniko pale penye tundu au valvu, upulize taratibu. Usiweke mdomo kwenye kifuniko chenyewe na usivute kwa mdomo kabisa, petroli sio ya kuonja. Kikipitisha hewa kwa shida shida kiloweke kwenye spiriti ya kusafishia, kipulize kwa kompresa, rudia. Vingi vinafufuka.

SWALI: Kaka, kwa nini nisichukue drili nikatoboa kifuniko changu kilichoziba nikamaliza? Mbona mnafanya mambo yawe magumu.

JIBU: Hahaha. Utatoboa na gari itatembea, sitakudanganya. Shida inakuja baadaye. Tundu lililopita mabati yote mawili kwa mstari mmoja ni mlango wa petroli kutoka na maji kuingia. Kwenye kona tenki likiwa limejaa utaona michirizi chini ya kifuniko, rangi inalainika inabadilika. Mvua ikinyesha au ukiosha gari maji yanaingia tone tone, na maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakwenda kukaa chini kabisa ya tenki, palepale mdomo wa paipu ya kuvutia ulipo. Tenki litaanza kula kutu kutoka chini, halafu utaniandikia barua nyingine kuhusu filta inayojaa unga mwekundu.

Kama umekwama mahali na huna namna, basi toboa bati la ndani peke yake, tundu la milimita moja na nusu, mbali na mahali ambapo hewa inaingilia nje, ukiwa umekivua kifuniko na kukiweka mbali na gari, na usafishe chenga zote za chuma kabla hujarudisha. Na kama kina valvu ndani usitoboe kabisa, utakuwa umeharibu kitu ambacho pengine gari yako inakihitaji. Mimi ningenunua kile sahihi tu.

SWALI: Fundi mimi nina Chevrolet Nova ya 1970. Naagiza kifuniko, muuzaji ananiuliza nataka cha kupumua au kisichopumua, nikamwambia ni ya 1970, akasema 1970 inaweza kuwa chochote. Ananitania?

JIBU: Hakutanii, na mshikilie huyo muuzaji maana wa hivyo ni wachache.

Mwaka 1970 ndio mwaka wa mgongano. Zamani huko petroli ikipata joto mvuke wake ulikuwa unatoka tu kwenye kifuniko kwenda hewani, hakuna aliyejali. Halafu Marekani wakaanza kubana moshi na mivuke, na magari ya modeli ya 1970 yaliyouzwa California yakalazimishwa kuzuia mvuke wa tenki usitoke nje, modeli ya 1971 sheria ikawa ya nchi nzima. Kwa hiyo Nova mbili za 1970, zimetengenezwa na kampuni ileile, moja ilikwenda California moja ilikwenda kwingine, tenki zao hazipumui kwa njia moja. Ya California tenki lina paipu za mvuke zinazokwenda mbele kwenye kopo la mkaa, mkaa unanyonya mvuke gari ikiwa imesimama na injini ikiwaka inauvuta inauchoma. Gari ya hivyo inataka kifuniko kilichofunga. Ile nyingine inapumua kizamani.

Lakini sikiliza, hata ukijua ilikuwa ya California bado hujajua. Gari ina zaidi ya miaka hamsini, nani anajua mwenye gari wa tatu alifanya nini humo chini. Labda tenki lililiwa na kutu akaweka la mwaka mwingine, labda kopo la mkaa lilitupwa na paipu zikazibwa kwa skrubu (nimeliona hilo, skrubu na gundi), labda tenki ni jipya la kuigiza lisilo na paipu hata moja. Kwa hiyo mimi siku hizi simuulizi mtu gari yake ya mwaka gani, namuuliza tenki lako linapumulia wapi, na kama hajui namwambia aingie chini.

Ukiingia chini, gari iwe kwenye stendi sio jeki peke yake tafadhali, angalia juu ya tenki na kwenye shingo ya kujazia. Unatafuta paipu nyembamba ambayo sio ile ya kupeleka mafuta na sio ya kurudisha. Ukiipata ifuate mpaka mwisho wake. Ikiishia kwenye kopo jeusi mbele karibu na injini, kifuniko chako ni kilichofunga. Ikiishia hewani juu ya chesi, hapo pia tenki lina pua yake na kifuniko kinatakiwa kufunga, lakini hakikisha hiyo paipu iko wazi maana nyigu wale wa udongo wanaipenda mno, wanajenga humo ndani na gari inaanza kuzima na kila mtu analaumu kifuniko. Usipoona paipu yoyote, au ziko lakini zimezibwa na huna mpango wa kuzirudisha, kifuniko lazima kipumue. Ningependa uzirudishe kama kopo bado lipo, gereji yako haitanuka.

SWALI: Gari yangu ya 1973 kifuniko chake kimefunga na mimi nilisikia vya kupumua ndivyo vizuri kwa gari za zamani, nikaweka. Sasa nikipaki kwenye gereji harufu ya petroli inaingia mpaka ndani ya nyumba. Nifanye nini?

JIBU: Toa. Rudisha kile. Leo.

Ya 1973 kama ina kopo lake la mkaa basi mvuke ulikuwa unakwenda huko, wewe umefungua dirisha jingine na mvuke unapita penye urahisi. Gereji iliyofungwa yenye mvuke wa petroli na jiko au hita ya maji yenye kiberiti chake humo ndani ni hatari ambayo sitaki hata kuielezea. Fungua milango pakae hewa.

Nikupe na hii uielewe vizuri, kifuniko cha gari za kuanzia hapo kikiitwa kilichofunga mara nyingi hakijafunga kama kizibo cha chupa. Ndani kina valvu mbili ndogo za springi, moja inaruhusu hewa iingie vakyumu ikizidi, nyingine inaachia presha ikizidi sana. Kwa hiyo kinapumua kwa dharura tu, siku ambayo paipu imeziba. Vipo pia vilivyoziba moja kwa moja bila valvu yoyote, na hivyo ndivyo vinavyoua gari za akina Mustang pale juu. Ukinunua soma boksi, kama boksi halisemi uliza, kama muuzaji hajui nenda kwa mwingine.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada mwenye Beetle ya 1965. Harufu ya petroli inaingia ndani ninapoendesha hasa nikikata kona baada ya kujaza. Mwenzangu alinikatia gasketi mpya ya kifuniko kwa mpira wa tyubu ya tairi na ikawa nafuu wiki moja halafu ikarudi mbaya zaidi. Na nikitaka kununua kifuniko kipya naona saizi nyingi nachanganyikiwa.

JIBU: Dada pole, na huyo mwenzako mshukuru kwa moyo wake ila tyubu hapana. Mpira wa tyubu ukikutana na petroli unavimba, unalegea kama ulimi, halafu unachanika. Wiki moja ndio umri wake kabisa. Gasketi ya kifuniko iwe ya mpira wa naitraili (mpira unaovumilia petroli) au ile ya koki, yaani gamba la mti kama la kizibo cha chupa. Koki ikikauka inapasuka kwa hiyo igeuze uione pande zote, na kama mafuta unayojaza yana ethanoli (ile pombe inayochanganywa na petroli) ndani yake mipira ya zamani inachoka mapema zaidi, naitraili nzuri au Viton ndiyo itakayodumu.

Kwenye Beetle tenki liko mbele, chini ya boneti, mbele tu ya dashibodi, kwa hiyo harufu kidogo inayopotea kwenye gari yenye tenki nyuma, kwako inakuja moja kwa moja puani. Kabla ya kununua chochote pitisha kidole kwenye mdomo wa shingo ya tenki, kama pamebonyea au pana kutu yenye magamba gasketi mpya haitakaa. Na usijaze mpaka pomoni. Iache nafasi.

Saizi ni kweli zinachanganya, VW walibadilisha zaidi ya mara moja. Yako ya 1965 iko kwenye kundi la milimita 60, lile la 1961 mpaka 1967. Za kabla ya hapo ni milimita 80, na za mwanzo kabisa ni 100. Kuanzia 1968 wakahamishia mdomo nje ya gari na mlango wake mdogo pembeni, shingo ikawa na mipira ya kuunganisha, na hapo ukisikia harufu unaangalia mipira kabla ya kifuniko. Lakini kama tenki lako halina paipu yoyote ya hewa linapumulia kwenye kifuniko, kwa hiyo ukinunua usije ukachukua kilichoziba kwa kufikiri utazuia harufu, utazuia na mafuta pia.

SWALI: Nimeona kifuniko cha rejeta kinaingia kwenye tenki langu vizuri kabisa, kinabana, na kina kivalvu katikati kinachovuta hewa. Si nitumie tu?

JIBU: Hapana hapana hapana. Angalia juu yake pameandikwa namba, 7 au 13 au 15, hiyo ni psi. Kazi ya kifuniko cha rejeta ni kushikilia presha makusudi ili maji yachelewe kuchemka, kila psi moja inasogeza kuchemka kwa karibu nyuzi joto moja na nusu za Selsiasi. Hicho kivalvu cha katikati ni cha kurudisha maji injini ikipoa, ni kweli kingeingiza hewa, upande wa vakyumu ungepona. Ila upande wa presha umeharibikiwa. Tenki likipata joto juani presha inapanda na kifuniko hakiachii, inasukuma petroli kwenye paipu mpaka kwenye sindano ya kabureta, ile inayofungua na kufunga mafuta, na sindano ile imezoea presha ya pampu, psi 4 mpaka 6 kwa kawaida, nyingine hata 3 zinalalamika. Utakuta petroli imejaa kabureta inamwagikia kwenye injini ya moto wewe hata ufunguo hujawasha.

SWALI: Mimi Ford Model A, 1930. Tenki liko mbele ya kioo, halina pampu, mafuta yanashuka yenyewe. Kwa kuwa hakuna kinachovuta, kifuniko hakina maana kwangu, au?

JIBU: Kina maana kwako kuliko kwa wote walioandika hapa mzee wangu. Wenye pampu wana kitu cha kupigana na vakyumu angalau kwa muda. Wewe una uzito wa petroli peke yake. Petroli ikisimama sentimita 30 juu ya kabureta inatoa presha ya kama kilopaskali 2 tu, ambayo haifiki hata theluthi moja ya psi, kwa hiyo vakyumu ndogo kabisa ambayo Mustang isingeisikia inakusimamisha wewe katikati ya mlima. Tundu la kifuniko chako liwe safi kila wakati, na kwa sababu kiko mbele ya kioo, mvua yote inakipitia, hakikisha bati la ndani lipo na halijatoka. Watu wengi wanakuta limeoza wanalitupa.

SWALI: Nanunua kwa mtandao, siwezi kukijaribu. Nipime nini?

JIBU: Kipenyo cha ndani cha mdomo wa shingo, kwa venia kalipa sio kwa rula ya shule. Kama ni kile cha masikio mawili cha kubana na kuzungusha robo, pima pia kutoka sikio la kifuniko cha zamani mpaka usawa wa gasketi, hiki ndicho kipimo ambacho watu wanakisahau, kikiwa kirefu kuliko inavyotakiwa kifuniko kinacheza hakibani, kikiwa kifupi hakizunguki. Kama ni cha nyuzi za skrubu hesabu nyuzi. Kina cha upande wa ndani nacho, kuna shingo zina bati ndani na kifuniko kirefu kinagonga. Halafu muulize kwa maandishi kinapumua au la, na kikifika kipulize kwa ule mpira kabla hujakifunga.

SWALI: Fundi kwangu ni kinyume. Sio kuvuta, kifuniko changu kikifunguliwa mchana baada ya kupaki juani kinapuliza NJE, mpaka matone yanaruka. Gari ni ya 1962, kifuniko ni kipya cha kupumua, nimehakikisha. Na injini ikiwa moto inawaka kwa shida, inanuka petroli.

JIBU: Ulihakikisha upande mmoja. Kuna vifuniko vya kupumua vinavyoingiza tu, vina kivalvu cha kuruhusu hewa iende ndani lakini kurudi nje hakiruhusu, mtengenezaji alitaka mafuta yasimwagike. Kwenye gari yenye paipu nyingine ya kutolea mvuke kinafaa. Kwenye ya 1962 isiyo na paipu, mvuke hauna pa kwenda, unasukuma kwenye kabureta ndiyo maana inanuka na inawaka kwa shida, imezama kwa petroli.

Ongeza na hili, petroli yenyewe inavimba kwa joto. Lita 60 zikipanda nyuzi joto 20 za Selsiasi zinaongezeka kwa zaidi ya lita moja, kwa hiyo ukijaza mpaka shingoni asubuhi kukiwa na baridi halafu ukapaki juani hiyo lita itatafuta njia tu, hata kifuniko kiwe kizuri namna gani. Kwanza acha kujaza mpaka shingoni uone kama matone yanakoma. Halafu chukua ule mpira, puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, kisha upande wa nje kwenda ndani. Kikipitisha upande mmoja tu, kirudishe ukabadilishe na kile cha njia mbili. Na mpaka kitakapofika paki kivulini, na ukikifungua kifungue taratibu, kitambaa juu yake, uso wako uwe pembeni.